Magoti ya Sponji

Tangu Caleb Machuki amwoe bintiye, Awino hakuwahi kukaa naye benchi moja. Kwao Mbita, alikozaliwa, na hata Kendu Bay, alikoolewa na kufungua kibanda chake cha kushona sare za shule, mama hakai ovyo mbele ya mkwe wake wa kiume. Hali naye, hamchekei meno yote nje, na wakikutana njiani kila mmoja hutafuta mahali pa kutazama. Lakini wodi ya watoto wachanga kule Homa Bay ilikuwa na benchi moja tu la wageni, tena fupi, na fundi aliyelitengeneza hakuwaza habari za wakwe. Basi Awino alikaa upande huu ameugeukia ukuta, Caleb akakaa upande ule amegeukia dirisha, na katikati yao akakaa Nyasuguta, mama yake Caleb, Mkuria mpana wa mabega ambaye hakugeukia popote. Yeye alikuwa anamtazama Awino tu.

Walikuwa hapo kwa sababu ya mtoto. Phanice, binti ya Awino, alikuwa amejifungua salama huko Migori, mtoto wa kiume, wa kwanza. Mtoto alilia vizuri, akadungwa pajani ile sindano ya vitamini wanayodungwa watoto wote wakizaliwa, akapewa mama yake anyonye. Kesho yake paja likavimba. Keshokutwa lilikuwa gumu na lina joto, midomo ya mtoto imepauka, titi halitaki, na kila akiguswa analia kilio chembamba cha kuchoka. Wahudumu wa kule hawakupenda walichokiona. Wakamwita dereva wa ambulensi, na Nyasuguta akapanda mbele kabla hajaambiwa apande.

Awino alipopigiwa simu aliziacha sare za watu mezani bila kola, akafunga kibanda, akaja.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Sista Edinah, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambayo watu waliitii bila kujua kwa nini. Aliwauliza maswali ya kawaida, na mojawapo lilikuwa kama katika ukoo kuna ugonjwa wowote wa kurithi. Nyasuguta aliwahi kujibu. Alisema kwao hakuna ugonjwa, hakujawahi kuwa na ugonjwa, na kwamba wanawe wanne wote walitahiriwa wamesimama, hawakupepesa macho, na damu ilikata kabla nyimbo hazijaisha. Alipomaliza, macho yote yakahamia kwa Awino.

"Kwetu pia hakuna," Awino akasema.

Wala hakudanganya. Hilo ni lazima lieleweke, maana watu wengi wangemhukumu. Kwao hakukuwa na mgonjwa. Kaka yake Wangwe hakuugua. Wangwe aliuawa na mtoa meno. Javan, mwana wa Awino mwenyewe, naye hakuugua. Alitiwa jicho baya na jirani, kisha akaanguka. Hayo yalikuwa mambo mawili tofauti, kila moja lina mkosaji wake, na kwa miaka yote hiyo Awino aliyaweka mbalimbali kama vifungo vya rangi mbili, kila kimoja na kopo lake.

Daktari Okari alikuwa kijana, mpole, amechoka. Alimpima mtoto kwa makini, kisha akawaeleza kwamba paja lenye joto na mtoto aliyelegea hivi vinamtia wasiwasi kwamba kuna vijidudu vimeingia mwilini, labda vimefika hata kwenye ubongo. Ili ajue, ingebidi adunge sindano mgongoni, chini kabisa, atoe maji kidogo ya kupima. Alisema hufanyiwa watoto wengi. Caleb akauliza kama mtoto ataumia, akajibiwa kwa ukweli, akakubali. Daktari akaenda kuandaa vifaa.

Wakati huo Sista Edinah alikuwa akitoa damu kidogo kisiginoni mwa mtoto ipelekwe maabara. Mlango wa wodi ulikuwa wazi, Awino akaruhusiwa anawe mikono aingie amshike Phanice mkono, kwa sababu Phanice alikuwa anatetemeka. Edinah akachukua damu ya mtoto, akabana kisigino kwa pamba. Pamba ikawa nyekundu. Akaweka nyingine, nayo ikawa nyekundu. Akaweka ya tatu, safari hii akabana kwa kidole gumba na hakukitoa tena.

Sasa, Awino alikuwa ameshika sindano maisha yake yote. Alikuwa amejichoma vidole vyote kumi, vingine mara zisizohesabika, na alijua tundu la sindano lina haki ya kutoa damu kiasi gani. Unakitia kidole mdomoni, unakitoa, unaendelea na kazi. Aliitazama pamba ile ya tatu.

"Sista, hiyo damu mbona haikati?"

 Edinah alikuwa akilitazama paja lililovimba, mahali pale pale sindano ya vitamini ilipopita. Kisha akamgeukia Awino, kidole chake bado kwenye kisigino.

"Dani, sahau mambo ya ugonjwa," akasema, akimwita bibi kwa Kijaluo. "Nikuulize tofauti. Kwenu, kwa mama yako, kuna mwanamume alitolewa meno, ama akajikata, ama akaanguka tu, damu ikakataa kuisha?"

Swali hilo liliyamwaga makopo yote mawili mezani.

Awino alikuwa msichana mdogo mwaka ule wa meno ya Wangwe. Zamani Wajaluo waliwang'oa vijana wao meno sita ya chini, wakaita nak, na bila hayo mtu alihesabiwa mtoto hata awe na ndevu. Desturi ilikuwa imeanza kufa, vijana wa shule walikuwa wakiikimbia, lakini baba yao alikuwa mtu wa kushikilia. Mtoa meno alikuja na kichuma chake bapa. Vijana wengine watatu walitolewa siku hiyo hiyo, kwa chuma hicho hicho, wakatema damu, na jioni wakanywa uji. Wangwe alitema damu mchana kutwa, akaitema kesho yake, mama yao akiisafisha kwa majani na kwa maji ya chumvi, mpaka akawa hana nguvu ya kutema. Waliozika walisema mtoa meno alihongwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini wale watatu walipona.

Na Javan, mwanawe mwenyewe, kifungua mimba, aliyemzaa kabla ya Phanice. Mtoto mnene wa kucheka hovyo. Alipoanza kutambaa magoti yake yakawa yanavimba, leo hili, kesho lile, na mwanamke mmoja jirani aliyeitwa Celestine alikuwa amemsifia sana jinsi anavyotambaa. Basi. Siku alipoanguka kutoka kizingitini, kizingiti kisichofika hata nusu ya mguu wa mtu, alilia kidogo akalala, na hakuamka.

Awino alisimama pale na yote mawili yakiwa kitu kimoja machoni pake, na aliogopa. Tuseme ukweli, hakuogopa tu kwa ajili ya mtoto. Nyasuguta alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni. Caleb alikuwa nyuma yake. Akifungua mdomo, atakuwa amewaambia watu hawa kwamba wametoa ng'ombe wao kwenda kumchukua msichana mwenye damu inayoua wavulana. Tena watu ambao mvulana kwao si mwanamume mpaka apite kisuni. Alikuwa amesikia wanawake waliorudishwa makwao kwa makosa madogo kuliko hilo. Alimtazama Phanice, ambaye hakuwahi kumjua Javan ila kwa jina, na Phanice akamtazama kwa macho ya kuuliza.

Daktari Okari akaingia na trei yake. Juu yake kulikuwa na kitambaa cha kijani, na chini ya kitambaa ncha ya sindano ndefu ilionekana.

"Msimdunge mgongo," Awino akasema.

Alisema kwa sauti ya juu kuliko alivyokusudia, watoto wawili wa vitanda vya jirani wakaanza kulia. Akaendelea kabla ujasiri haujamtoroka.

"Kaka yangu alikufa kwa kutolewa meno. Mtoto wangu, wa kwanza, alianguka kidogo tu, akafa. Na kabla hajafa, magoti yake yalikuwa yanavimba namna hiyo hiyo ya hilo paja. Hakukuwa na jicho la mtu. Ni damu. Ni damu yetu, inatoka kwangu."

Daktari aliiweka trei chini. Akamtazama Edinah, Edinah akakionyesha kisigino kwa kidevu, maana mikono yake ilikuwa na kazi. Daktari akavuta kiti, akaketi mbele ya Awino, akamuuliza tena pole pole: mama yako ndiye aliyemzaa huyo kaka? Na dada zako, wana wavulana? Aliposikia majibu alijipangusa uso kwa kiganja, kisha akamshukuru. Si asante ya kupita. Alisema mara mbili, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimamishwa ukingoni mwa shimo.

Aliwaeleza wote pamoja. Kuna watu ambao damu yao imezaliwa na upungufu wa kitu kinachoifanya igande. Wanawake huibeba na kuipitisha bila kuugua, wavulana ndio wanaovuja. Ile sindano ya pajani haikuwa kosa la mtu, kila mtoto hudungwa. Ila kwa huyu, damu imekuwa ikimwagikia ndani ya nyama tangu siku ile, ndiyo maana paja gumu, ndiyo maana kapauka. Na kama angedungwa mgongoni alasiri hii, damu ingeweza kukusanyika pale kwenye uti, ikambana, ikamlemaza au kumuua. Trei ile ikarudi ilikotoka.

Nyasuguta alisikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha akageuka, akatoka, akaenda zake uwanjani bila kumwambia mtu chochote. Awino akajua ndoa ya bintiye imeisha. Caleb alibaki mlangoni. Alimtazama mama mkwe wake usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi, akasema, "Asante, mama," halafu akakumbuka adabu na kuyashusha macho sakafuni.

Yaliyofuata yalikuwa kazi ya Edinah, na Awino hakuchoka kuisimulia kazi hiyo kwa wateja wake baadaye, watake wasitake. Kwanza hakukiachia kisigino mpaka damu ilipokubali kusimama, na mguu wake mwenyewe ulipokufa ganzi akaugonga gonga sakafuni, kidole kikiwa pale pale. Aliandika kwa kalamu nene kwenye kadi ya kitanda kwamba mtoto huyu asidungwe msuli na mtu yeyote, na kila zamu ilipobadilika akamshika mwenzake mkono, akamleta kitandani, akamsomea kadi kana kwamba hajui kusoma. Alikunja shuka akazizungushia kingo za kitanda. Alitafuta mshipa mdogo mkononi, akaupata mara moja, akapitishia maji ya damu, yaliyotengwa na damu ya wachangiaji, aliyoagiza daktari ya kumshikilia mtoto mpaka majibu na dawa yenyewe vije kutoka Kisumu. Paja aliliwekea kitambaa baridi, muda mfupi mfupi, akilipima kwa utepe kuona kama linapanda. Na alipombadilisha nepi alimwinua kwa kuweka kiganja chini ya makalio na kingine chini ya shingo. Kwapani hakumgusa, asije akavujia damu humo.

Dawa ilipofika ilikuwa unga kidogo ndani ya kichupa, si zaidi ya chumvi ya kutia kwenye yai. Ikachanganywa na maji, ikaingia mshipani. Awino alikuwa ametarajia kitu kikubwa zaidi. Lakini utepe ulipozungushwa tena pajani, lilikuwa limeshuka, na kabla ya jua kushuka mtoto aligeuza uso upande wa mama yake, akafungua mdomo, akatafuta titi kwa hasira. Phanice akacheka na kulia kwa pamoja. Awino alitoka nje, akasimama karibu na mfereji wa maji, akamshukuru Mungu kwa Kijaluo, kwa sauti, bila kujali waliokuwa wakijaza ndoo.

Kabla hawajaruhusiwa kwenda nyumbani Edinah aliwaita wanawake wote watatu awafundishe. Nyasuguta alikuja, akasimama nyuma amekunja mikono. Edinah aliwaonyesha jinsi ya kumbeba. Akasema chanjo zake atapata zote, ila kwa sindano nyembamba na chini ya ngozi, na ibanwe muda mrefu. Alipotaja kisu cha kutahiri alimtazama Nyasuguta bila woga: asiguswe, mpaka waongee na daktari, na labda asiguswe kamwe. Mwisho akasema shida kubwa haijafika. "Akianza kutambaa ndio mtaona kazi. Magoti. Mlinde magoti." Awino alilisikia neno hilo la magoti, akainama kufunga kiatu ambacho kilikuwa kimefungwa.

Nyasuguta hakuuliza swali hata moja. Alimchukua mkaza mwanawe na mjukuu, akamuaga Awino kwa mkono, wakarudi Migori.

Miezi ikapita. Mtoto akaitwa Cliff, akaongezeka uzito, akipelekwa kliniki kupata dawa yake ya mshipa. Phanice alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili Awino aliuliza mama mkwe anasemaje, na Phanice akajibu kwamba hasemi kitu. Hasemi kitu. Mtu anayesema kitu unajua pa kumshika. Awino akaanza kupanga mahali bintiye atakapolala akirudishwa, akalihamisha kabati, akalirudisha.

Katika siku hizo alifanya jambo moja. Alivuka barabara, akaenda kwa Celestine, yule jirani wa jicho, ambaye yeye Awino hakuwa amemsalimia tangu Javan azikwe. Celestine alikuwa mzee sasa, anaanika mahindi. Awino akamwambia yote, jinsi daktari alivyoeleza, na kwamba aliyekosewa ni Celestine. Celestine aligeuza mahindi kwa mkono. Halafu akasema, "Nilimpenda yule mtoto," na wote wawili wakashindwa kuendelea. Jioni hiyo walikunywa chai pamoja, ikiwa na sukari nyingi mno kwa sababu hakuna aliyekumbuka mwenzake huweka kiasi gani.

Kisha ikaja siku ambayo Nyasuguta alijitokeza mlangoni mwa kibanda, bila simu, bila taarifa, mfuko mkubwa kichwani. Nyuma yake alikuwa Phanice na mtoto mgongoni. Awino alipouona ule mfuko aliuacha mkasi katikati ya kitambaa. Nguo za binti yangu hizo, akajiambia. Ameletwa. Akainuka, akakaribisha, akatoa kiti, akapangusa kiti kilichokuwa safi.

Nyasuguta hakukaa. Aliteremsha mfuko mezani, karibu na cherehani, akaufungua. Ndani kulikuwa na vipande vya sponji ya godoro, vimekatwa vibaya vibaya kwa kisu cha jikoni, na mita kadhaa za kitambaa kizito cha jinzi.

"Mama Phanice," akasema, "huyu mtoto ameanza kutambaa. Nimejaribu kumfungia matambara magotini, anayatoa. Nimejaribu kushona, mimi si fundi. Nikasema niende kwa mwenyewe."

 Awino alishika kipande cha sponji, akakiminya.

"Ulifikiri nimemrudisha," Nyasuguta akasema. Awino hakukana. "Najua nilivyokutazama pale hospitali, na mdomo wangu naujua. Siku ile ulikuwa unauogopa mdomo huu na bado ukasema. Ungenyamaza, saa hii mimi ningekuwa na kaburi dogo na wavulana wanne wa kujivunia. Nilitoka nje kwa sababu nilikuwa nalia, na mimi silii mbele ya watu. Halafu nikakaa miezi yote nikitafuta maneno, nikayakosa, nikaona nilete sponji."

Akasema pia kwamba ameshaongea na wazee wa kwao. Walinguruma, akawaacha wangurume. Aliwaambia amewashangilia wanawe wanne mbele ya kisu, na cha huyu wa tano hataki kukiona, na mwenye neno alipeleke kwake kwanza. Hadi sasa hakuna aliyelipeleka.

Awino akamshika mikono yote miwili. Alitaka kutoa asante iliyonyooka, lakini alichosema ni, "Hii sponji umeikata kama mtu aliyekuwa anagombana nayo," na Nyasuguta akacheka mpaka wapita njia wakachungulia.

Wakamlaza Cliff mezani kupimwa. Awino alipitisha utepe wake kiunoni, akaushusha pajani, lile paja, ambalo sasa lilikuwa laini na lenye mikunjo kama la mtoto yeyote aliyeshiba. Akaupitisha gotini. Hapo mkono wake ulikawia. Kisha akakata. Alishona suruali yenye magoti ya nguo mbili, sponji katikati, akaipitishia uzi mara tatu pembezoni, na alipofika goti la pili hakuwa anaona vizuri, akashona kwa mazoea tu. Hakuna aliyemshonea Javan suruali kama hiyo. Hakuna aliyejua kwamba inahitajika, na yeye fundi alikuwa ndani ya nyumba.

Cliff alivikwa, akawekwa sakafuni, kwenye saruji. Alijitazama, akajipiga magotini kwa viganja, akaanza safari. Alipita chini ya meza, akapita juu ya mabaki ya jinzi, akaenda kasi kuelekea kanyagio la cherehani, na pale goti lake likagonga chuma. Wanawake watatu waliacha kupumua. Cliff alitua, akaangalia chuma kile kwa dharau, akaendelea.

"Mwinue," Awino akamwambia Nyasuguta, na Nyasuguta akamwinua, kiganja chini ya makalio, kingine mgongoni, kama alivyofundishwa siku ile akiwa amesimama nyuma amekunja mikono. Awino akapandisha mguu wa suruali, akaliweka goti kiganjani mwake. Akangoja. Halikuwa na joto wala uvimbe, lilikuwa goti tu, dogo, lina vumbi kidogo lililopenya. Akaliteremshia nguo, akarudi mezani, akaanza kukata suruali ya pili.